Kaburi Lisilo Kwenye Ramani

Kwanza, karibu na Kitale
14 Juni 1987

Mpendwa Dada Jepkosgei,

Pokea salamu zangu, za baba, na hata za yule ndama uliyemwacha akiyumba, sasa anatupiga mateke. Natumai wewe, shemeji na watoto mko salama huko Malakisi na tumbaku yenu imekauka vizuri. Sisi tu wazima, ila macho ya baba yamezidi kufifia. Siku hizi ananitambua kwa kikohozi.

Dada, nakuomba uisome barua hii hadi mwisho kabla hujakasirika. Nakujua.

Ukuta wa lile bwawa aliloliacha mzungu wa shamba umepasuka. Tulitangaziwa kwamba utabomolewa kabla haujatubomokea, na mto urudi njia yake ya zamani, ambayo ni mashamba yetu ya chini. Mwezi wa nne akaletwa mpimaji, Bwana Mukhisa, mtu wa Bungoma, na darubini yake ya miguu mitatu. Mimi nikapewa kazi ya kumshikia fimbo ndefu yenye mistari myekundu. Naisimamisha bondeni, yeye anachungulia kutoka mbali na kuandika.

Sikumwamini tangu siku ya kwanza. Anakunywa chai yetu na kusifu maziwa, halafu daftari analifunika kwa mkono kama mwanafunzi anayeogopa kuigwa. Alidai anapima umbo la mto tu. Mbona basi kila boma aliuliza watu wamekaa hapo tangu lini? Jirani yetu Mama Jelimo akasema ati mto haupimwi kwa kuuliza watu miaka yao, huyo anapima wa kufukuzwa. Nikaona ni kweli. Wajua hati ya shamba hatuna. Hati yetu ni kaburi la mama, maana aliyezika hapa hafukuzwi kirahisi.

Kabla hatujafika shamba letu la chini, akaniuliza kama kuna kaburi huko. Nikajua wanatafuta ushahidi wetu wauondoe. Nilimjibu kwamba hakuna, mama tulimzika kwao Kapsokwony. Akanipa karatasi nitie sahihi, nikatia.

Juma lililopita ramani ilibandikwa kwa chifu. Mto umechorwa unapinda kwa mzee Rotich, unapinda tena kwa Mama Jelimo, na kwenye kila kona pana msalaba mdogo. Kumbe watachimba mfereji wa kukwepa makaburi. Kwetu mstari umenyooka.

Nilimwendea Bwana Mukhisa mbio nikamweleza ukweli. Tulishuka naye hadi shambani, akatazama, akasema amechoka na watu ambao makaburi yao huzaliwa wakisikia kuna fidia. Sasa yeye ndiye haniamini, na siwezi kumlaumu, kwa sababu hapo aliona maharagwe tu.

Hayo maharagwe niliyapanda mimi. Ule msalaba uliouchongesha Bungoma ukaubeba mpaka hapa, niliung'oa kesho yake baada ya kutia sahihi. Niliuficha ghalani chini ya magunia, nikasawazisha udongo, nikapanda juu ya mama. Nimeona aibu ambayo sijawahi kuiona. Baba huenda kuushika kila Jumapili, na nimekuwa nikimwambia umepelekwa kupakwa rangi. Leo ameuliza tena. Nilimjibu kwamba rangi haijakauka.

Ukuta unafunguliwa tarehe ishirini na tisa. Tafadhali njoo na ile picha ya mazishi, ile tumesimama kando ya msalaba na bwawa linaonekana nyuma. Bwana Mukhisa amesema akiiona kwa macho yake ataupinda mstari. Neno langu halitoshi tena. Njoo hata kama hutanisalimia.

Msalimie shemeji, na watoto uwabusu kwa niaba ya babu yao. Maharagwe yamezaa sana, ila sijathubutu kuyachuma.

Ndugu yako aliyekukosea,
Kimaiyo