Farasi wa Tundu la Saba

Jumamosi, 3 Mei

Tak. Bado naisikia. Miezi mitatu sasa tangu Fundi Saa, anayenunua na kuuza sarafu za zamani, aidondoshe ile sarafu yangu yenye picha ya farasi kwenye kioo cha meza yake, na badala ya kulia ikasema tak — kama kifungo cha koti. Sarafu ya fedha halisi hulia. Inaimba, halafu sauti inakatika taratibu. Yangu ilikuwa bati lililopakwa rangi, na aliyeniuzia ni yeye mwenyewe! "Hukuigonga, ukanunua," alisema. "Hiyo ni ada ya shule, binti." Wanunuzi wenzake wakacheka. Mmoja alivua miwani ajifute machozi.

Sawa. Nimesoma. Siku hizi sinunui sarafu ya nje bila kuipima kwenye mizani ya duka la dawa ninakofanya kazi. Bosi ananiita Daktari wa Vyuma.

Leo nimekaa mezani kwa Fundi Saa saa nzima, sikununua kitu. Nimeangalia mikono yake tu. Kila sarafu ina kibahasha, na bei imeandikwa kwa penseli. Akija mnunuzi mwenye viatu vizuri, kifutio kinafanya kazi chini ya meza, bei inapanda. Akija muuzaji mwenye shida, bei inashuka. Wote wanaona. Hakuna anayefungua mdomo. Ndiyo sheria yao: mbele ya muuzaji, mnunuzi hamkatizi mwenzake.

Jumapili, 4 Mei

Bibi wa mlango wa pili kaniita. Si bibi yangu wa damu, ila ndiye aliyenilea mchana mama akiwa kazini. Miaka ishirini na sita alitandika vitanda hotelini. Wageni wakimwachia noti, alikwenda kuzibadilisha. Wakimwachia sarafu — duka la fedha za kigeni halichukui sarafu, ziwe za nchi yoyote. Akawa anazitia kwenye kopo la maziwa. "Miaka yote hiyo wananishukuru kwa vyuma," anasema.

Fundi Saa amempa bei: kopo zima elfu thelathini. Atarudi Jumamosi. Bibi anataka godoro. Si godoro tu — kama lile la chumba namba kumi na mbili. "Nimewatandikia watu, mjukuu wangu. Na mimi nilale kama mgeni." Godoro la namna hiyo ni laki mbili.

Akaniuliza: umesoma wewe, hii ni bei ya haki?

Tukamwaga kopo mkekani. Zaidi ya mia tatu. Nyingi hazina thamani. Ishirini na mbili ni za maana. Nne za fedha. Na kati ya hizo nne — nyeusi kama sufuria ya kuni — farasi! Wa kweli. Wa saba wangu. Nina sarafu sita za farasi, na tundu moja tupu kwenye sanduku langu la sarafu.

Nikasema nitazipima kwanza. Nikaondoka na zile nne mfukoni, bila kumjibu swali lake. Mwoga mimi.

Jumanne, 6 Mei

Uzito ni sawasawa, zote nne. Zote zinalia.

Bei nimeitafuta kwa njia yangu. Si ya kwenye kitabu. Ile ni ndoto ya mwenye duka. Nimechukua minada mitatu ya karibuni, bei ambazo watu walilipa kweli, nikashika ya katikati, nikatoa faida ya mnunuzi wa kati. Farasi peke yake: laki moja na nusu. Mimi nina elfu arobaini.

Mchana Fundi Saa kaja duka la dawa, eti anatafuta pipi za kikohozi. Akainama kwenye kaunta. Anajua nimemwona farasi. Anasema ninyamaze hadi Jumamosi, ataniuzia kwa elfu ishirini. "Sisi kwa sisi, binti."

Sisi! Tangu lini?

Lakini niseme kweli, maana hapa hasomi mtu: jioni nilifungua sanduku nikalitazama lile tundu.

Nimemrudishia Bibi sarafu zake. Nimesema tutaongea.

Alhamisi, 8 Mei

Amezisugua! Majivu na dawa ya meno. Tatu za fedha zinameta kama bomba la hotelini. Farasi peke yake ndiye hakumfikia, mkono ulichoka.

Nikamweleza yote. Kwamba thelathini ni wizi. Kwamba zilizosuguliwa zimepoteza zaidi ya nusu, wakusanyaji wanataka sarafu yenye weusi wake wa zamani. Kwamba ile chafu ndiyo mali.

Akamchukua farasi, akamgeuza.

"Yaani zinazong'aa ni bure, na hiyo unayoikodolea macho ndiyo mali?"

"Ndiyo, Bibi."

"Na unaitaka?"

"Naitaka."

"Mmh. Yule naye kasema zangu ni bure. Mmefundishwa na mwalimu mmoja."

Akafunika kopo.

Nina hasira mpaka meno yanauma. Ukweli wangu umesikika kama ujanja wa mnunuzi! Na kibaya zaidi — angekuwa mjinga kuniamini. Kwa nini amwamini mtu mwenye njaa kuhusu chakula?

Jumamosi, 10 Mei

Saa moja asubuhi nilikuwa mlangoni kwake na bahasha ishirini na mbili za vidonge, zile zilizochapwa "mara tatu kwa siku". Bei ya kila sarafu juu yake. Kwa wino. Zilizosuguliwa nimeandika pungufu, na sababu. Ya farasi: laki moja na nusu, na chini yake, "Aliyeandika bei hii hatainunua, leo wala kesho." Nikatia sahihi.

Bibi akasoma kwa kidole.

"Ikikosa mnunuzi?"

"Ikose."

"Utalia."

"Nitalilia kwangu."

Hakusema asante. Alizipanga bahasha kitandani, pembe kwa pembe, kama mito.

Saa nne na robo. Fundi Saa yuko kwa Bibi, mimi niko kwangu, ukuta ni mwembamba. Anauliza nani kaandika upuuzi huu. Bibi: "Mjukuu wangu." Anasema bei hurekebishwa. Bibi: "Rekebisha basi, si una kifutio?"

Nasikia bahasha ikifunguliwa.

Ameigonga sarafu, farasi bila shaka, kwenye kioo cha meza ya Bibi. Inalia — bado inalia —

Kiti kimesukumwa. Sijui nani amesimama. Mimi siendi kuchungulia. Nimeshafungua sanduku, nikaitia ile bandia ya bati kwenye tundu la saba, nikalifunga. Imeenea vizuri.