Kabro za Makaratasi Mlangoni kwa Mama

Laini Saba, Kibera,
Nairobi.
Jumapili, 8 Juni 2025

Mpendwa kaka Obonyo,

Habari za Doha na hilo joto lenu? Mgongo umepoa, au bado unajifanya kijana kwa kubeba vyuma vya ujenzi? Sisi huku tu wazima, tunamshukuru Mungu, ila mvua imetunyoosha. Barua hii nampa Derrick, anayesafiri kuja huko wiki hii, akuletee, kwa sababu kwenye simu huwa unamaliza kuongea kabla mimi sijaanza.

Nilipata ujumbe wako kwamba mwezi ujao Mama arudishwe kijijini Siaya, apende asipende. Nakuelewa. Tangu ateleze kwenye lile tope la mlangoni akaumia nyonga, hajatoka nje, hata kanisani, na unajua kwaya ndiyo roho yake. Lakini tafadhali, soma kwanza.

Unakumbuka makaratasi ya plastiki yanayoziba mtaro wetu, ya maziwa, ya mkate, ya sukari? Chama chetu cha akina mama kinayageuza kabro, yale matofali ya kutandika njiani. Usicheke. Rachael, mama mmoja wa Kawangware 46 anayefanya kazi hiyo, alikuja kutufundisha. Unayaosha, unayakausha, unayayeyusha kwenye pipa pamoja na mchanga, kisha unashindilia kwenye kalibu ya chuma. Nilisimama pale na barakoa yangu nikaona takataka inakuwa uji mweusi, na uji unakuwa jiwe.

Zile za kwanza tuliziharibu. Kwa haraka yetu tulitia mchanga uliolowa mvua, kabro zikatoka na matundu kama maandazi. Rachael alicheka hadi akakaa chini. Kumbe mchanga lazima ukaangwe kwanza, ukauke kabisa. Basi tukautia kwenye karai pale njiani, tukawa tunakaanga na kukoroga, na wapita njia wakawa wanasimama kuitisha njugu.

Mama alikuwa akituangalia kutoka ndani. "Nyinyi mnanichezea," akasema. "Mimi nikanyage karatasi ya mkate? Si ndio hiyo itanimaliza!"

Zilizotoka imara tulizipanga kuanzia mlangoni pake hadi kwenye reli. Alhamisi ikanyesha ile mvua yenyewe. Ilipokatika, Ambrose, jirani yetu anayeuza maji, akapitisha mkokoteni wake juu yake, umejaa mitungi. Hakuna kabro hata moja iliyocheza. Mama akaja mlangoni na fimbo yake, akainama, akaigusa moja kwa kidole. Ilikuwa na doa la bluu la paketi ya maziwa.

"Haki ya Mungu," akasema, "hii si ndio ile nilikuwa natupa?"

Kisha akarudi ndani.

Derrick amekubali kukubebea kipande cha kabro, ingawa amenung'unika kuhusu mzigo. Kigonge na nyundo. Wewe ni mtu wa mjengo, utajua mwenyewe.

Binti yangu Mitchelle anakusalimu sana. Shangazi Sella pia, na bado anauliza utaoa lini. Mungu akufunike huko ugenini. Nilitaka Mama aongeze salamu zake hapa chini, nikamwita, kimya. Nimeenda kuangalia. Fimbo haipo, na viatu vyake vya kanisa havipo. Kaka, ametoka. Hakumwambia mtu, ameenda kwaya.

Dada yako anayekupenda hata ukinikasirikia,

Nereah