Kindness na miguu ya ndege

Paska, acha unachofanya usome hii. Kindness wetu leo KAMKUMBATIA BABA MKWE 😭😂

Si unaijua ile ndege ndogo ya rimoti, ya faibaglasi, anayoitengeneza na mchumba wake Adrian? Kila ikitua, miguu yake ya alumini inabanduka tumboni. Adrian anaing'arisha ile alumini kama sufuria za mama yake, halafu anashangaa gundi haishiki!

Jana Kindness akamwambia, "Kwenye utelezi gundi itashika nini?" Akaikwaruza alumini kwa msasa, akakwaruza na tumbo la ndege, akafuta mafuta yote kwa spiriti, ndipo akagundisha. Ikalala hivyo mpaka leo.

Sasa leo uwanjani Nangara. Ndege ikaruka, ikazunguka, ikashuka, ikagonga chini... IKAKIMBIA. Miguu haikutikisika hata kidogo!

Kindness akapiga kelele, macho bado kwenye ndege, akamrukia aliyesimama pembeni yake akidhani ni Adrian. Akambana shingo kabisa. "Imeshika, mpenzi! Imeshika!"

Mpenzi gani, Paska? Ni Mzee Ludovick, baba yake Adrian, ameshuka kutoka Mbulu kuja kumwona mkwe kwa mara ya kwanza! Adrian mwenyewe yuko kule mbele na rimoti, mdomo wazi.

Kindness alipogundua, akaganda. Hata shikamoo haikutoka.

Mzee akanyoosha koti lake taratibu, akamtazama, akasema, "Marahaba, mwanangu."

Paska, AMESEMA MWANANGU. Nimecheka mpaka nimekaa chini.