Picha ya Udongo na Plau ya Babu Yako

Mjukuu wangu Kulwa,

Mwangaluka. Hapa Dutwa hatujambo, pamba imechanua, na babu yako bado anabishana na redio.

Umeniandikia kwamba huko chuoni mnaupiga udongo wa kwetu picha kwa mashine kama ya hospitali, muone ulivyoshindiliwa ndani. Unauliza sisi zamani tulijuaje.

Babu yako alipokuja kunichumbia, baba alimtaka alime kwanza. Akachagua kipande kisicho na jani hata moja, akidhani ndicho chepesi. Kumbe ng'ombe wetu walipita hapo miaka yote. Plau ikarukaruka kama mbuzi, nao maksai wakamburuta hadi mbele ya wakwe.

Akajipangusa vumbi, akanifuata. "Dada, ardhi hii ina nini?"

Nikachukua spoku ya baiskeli, nikaichoma pale. Ikapinda. Nikainyoosha, nikaichoma hatua chache pembeni, ikazama yote.

"Anzia huku," nikamwambia.

Jioni baba akaniita. "Huyu kulima hajui," akasema, "lakini kuuliza anajua. Mkubali."

Nikamkubali. Kulima hajui hadi leo.

Michembe yako ya viazi vitamu nimekuwekea.

Bibi yako,
Mbuke