Kiti Kilichokataa Kuvunjika

Cape Town,
Jumapili asubuhi

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Mama naye apokee shikamoo yake kabla mdogo wangu Zaina hajaendelea kuwasomea. Mgongo unasemaje siku hizi? Zaina aliniambia umerudi karakana, na ukikatazwa kupiga randa unanuna kutwa. Nilicheka, lakini nakuomba umsikilize. Mimi ni mzima. Baridi ya huku inaingia mpaka kwenye mifupa, ila ile ya kwetu Bungu, huko milimani Korogwe, ilishanizoesha, sina la kulalamika.

Nimeamua kuandika kwa sababu kwenye simu husikii vizuri, nami nina jambo nataka ulisikie lote, tena kutoka kwangu.

Mnajua nilipata kazi ya useremala. Ni kweli, ila sikueleza ni useremala wa namna gani. Tuna ghala kubwa la kukodisha na kutengeneza vifaa vya maigizo, sinema na picha. Humo kuna kila kitu na hakuna kitu. Kuna simu zisizopiga, vitabu visivyo na kurasa, kuku wa kuchoma wa plasta. Kuna kona ya wapiga picha yenye nguzo za marumaru ambazo nabeba mbili kwa mkono mmoja. Siku ya kwanza nilitumwa kuteremsha panga la ndege, lile linalozunguka puani. Nikaita wenzangu wawili tusaidiane, kumbe ni sponji iliyopakwa rangi. Wakacheka sana. La pembeni yake nikalidaka kwa dharau, nalo ndilo la kweli, la mbao ngumu zilizogandishwa tabaka kwa tabaka, nusura linivunje kidole. Mapumziko yote ya mchana nilikuwa nalikagua. Aliyelichonga alikuwa fundi, Baba. Kila upande umepinda sawa na mwenzake.

Basi. Msimamizi wetu ni mama wa makamo, namwita Mama Marta. Alinichukua kwa majaribio ya miezi mitatu. Yalipokaribia kwisha akaniambia, "Athumani, nataka kiti cha mchezo wa jukwaani. Mwigizaji mmoja atampiga mwenzake nacho mgongoni, kivunjike vipande." Nikaitikia. Nikaenda kwenye benchi, mikono ikafanya inachokijua: ulimi, ile ncha ya mbao iliyochongwa, ukaingia kwenye tundu lake ukikaza, gundi, kabari, msasa. Nilitumia mbao nyepesi kama nilivyoagizwa, nikadhani hiyo inatosha.

Kwenye mazoezi mwigizaji akapigwa nacho. Kiti kizima. Akapigwa tena, akalala chini, na safari hii hakuwa akiigiza. Alipata uvimbe tu, namshukuru Mungu, na alinisamehe. Mama Marta hakunisamehe. "Kiti chako ni kizuri sana na hakinifai," alisema. "Ijumaa nataka kinachovunjika. Kama huwezi, hatutaendelea."

Siku mbili nilishindwa. Kila nikitaka kukata ulimi mfupi, mkono unakataa. Nilikuwa nakuona umesimama nyuma yangu na miwani yako.

Ndipo nikakumbuka viti vibovu vilivyokuwa vikiletwa karakana, kama cha yule mwalimu wa Kwaluguru aliyekileta kikiwa vipande ndani ya kiroba. Hukukubali kuvitengeneza kabla ya kunionyesha. "Hapa fundi kadanganya," ulikuwa ukisema. "Ulimi mfupi. Hapa gundi kapaka juu juu. Hapa mguu kaupasua kwa msumari, akaficha kwa rangi." Nilikuwa nachoka nayo mahubiri yale. Sasa nikakaa nikaandika makosa yote uliyowahi kunionyesha, nikayatia kwenye kiti kimoja, kila kosa mahali pake. Kikasimama kinang'aa. Ukikikalia taratibu, kinakubeba.

Ijumaa kikapigwa, kikatawanyika jukwaa zima. Mwigizaji akainuka anacheka, watu wakapiga makofi, na Mama Marta akaniletea mkataba wa miaka miwili.

Sijausaini. Kinachonisumbua si kwamba nilitengeneza kiti kibovu. Ni kwamba kilipovunjika nilifurahi, Baba, kuliko siku yoyote niliyowahi kukabidhi kitanda au kabati. Kazi hii naipenda, sikufichi. Lakini tangu nikujue hujawahi kutoa mlangoni kitu cha kumwaibisha mtu, na ufundi nilionao ni wako. Ukiona nimeuchafua, nitarudi Korogwe tushike randa pamoja, na sitanung'unika. Ukiona sivyo, nipe radhi zako. Nimepewa mpaka mwisho wa mwezi.

Aliyewaletea barua hii ni mtu wa Handeni, tunakaa nyumba moja. Mpeni chai ya maana, ni mpole na hajui kuomba. Mama, ile shuka uliyonifungia ndiyo najifunika mpaka leo. Shangazi wa Kang'ata aambiwe nakula vizuri, aache kuulizia. Mjomba muuza mbao naye nimemkumbuka sana, pamoja na mwadhini wetu na majirani wote wa pale sokoni.

Zaina mdogo wangu, haya ya mwisho usiyasome kwa sauti. Baba atakohoa, atasema jambo zito, nawe utaliandika kama alivyolisema, nami nitalifuata. Lakini niandikie na hili, maana uso wake sitauona: uliposoma pale mwigizaji alipopigwa mara ya pili na kiti bado kizima, alicheka?

Kaka yako,
Athumani