Mvumo wa Kwenye Kona

Dada yangu mpendwa,

Pokea salamu nyingi za mdogo wako, na kabla ya mengine niambie nyonga imeamkaje siku hizi, maana barua yako ya mwisho ilijaa habari za kuku na majirani mpaka nikajua kuna kitu unakwepa. Mimi ni mzima wa mwili, nakula na nalala. Usishangae herufi zangu zilivyo kubwa. Naandika kwa kalamu nene tunayoandikia maboksi, na sababu yake nitakuambia humu humu, ila nivumilie nifike kwa mwendo wangu.

Niko kwenye chumba cha madereva nyuma ya karakana. Vitanda ni sita, na watano wenye vyao wako safarini. Hii ni siku ya tisa sijashika usukani. Nashinda kitandani nasikiliza malori yakitoka getini, nayatambua kwa mlio, hasa lile la Bwana Breki, mzee wetu ambaye hakuna kilima asichosimama kukagua magurudumu. Sikufichi dada, chumba hiki kina upweke. Jana nilijikuta naongea na birika.

Nimekuwa nakumbuka ulivyonifundisha tukimtafutia mama majani ya kusukia vikapu. Ulisema mtu asikurupuke kutaja jina la mti. Kwanza aangalie jani, limechanika kama unyoya au limefunguka kama kiganja. Kisha shina, ni moja au yako mengi. Miiba mwisho. Siku niliyoropoka kwamba kila kitu ni mnazi ulinizaba kofi la kisogo ambalo bado nalisikia. Nilipopata lori, na wewe nyonga ikakuweka nyumbani, tukapatana kwamba mimi nitaangalia na wewe utaandika: miti ya jamii ya mnazi iliyojiotea porini tu, na mahali nilipoiona. Daftari lako limefika namba thelathini na saba, na nasikia unawaambia watu kwamba mimi ndiye macho yako.

Sasa nije kwenye ile namba thelathini na saba. Nilikuandikia kwamba kwenye kona, ukishapita daraja la mawe, kuna mvumo mmoja mrefu, kichwa duara. Ulifurahi, ukaniuliza kama shina lake limevimba katikati, kama mvumo unavyotakiwa. Swali dogo tu. Nilipita pale mara nne nikikodoa macho, nikaambulia shina na kichwa basi. Mwishowe nikamuuliza Bwana Breki tukiwa tunakunywa chai. Alicheka mpaka chai ikampalia. Akasema kwenye kona ile hakuna mti wowote, kuna tangi la maji juu ya mnara. Na mimi nikacheka. Halafu yeye akaniuliza kwa sauti ya chini tangu lini sioni. Alinyoosha mkono, nami nikampa funguo za lori.

Kesho yake alinipeleka kwa daktari wa macho. Ni presha ya macho. La kushoto limekwisha, la kulia naona kama mtu anayechungulia kwenye bomba. Daktari alisema kilichopotea hakirudi, dawa ya matone ni ya kulinda kilichobaki. Leseni nimeirudisha kwa mkono wangu.

Lakini dada, macho ni ugonjwa, na mtu haombi radhi kwa kuumwa. Ninaloomba radhi ni kwamba nilijua. Mwaka mzima nilijua, na bado nikaendesha lori na tela lake kwenye barabara zenye watoto wa watu. Nilijiambia ni kazi. Ukweli ni kwamba niliogopa siku nitakayokosa mti wa kukuandikia, kwa sababu sikujua kama tuna kitu kingine cha kuandikiana. Kuanzia namba ishirini na tisa nilikuwa nabahatisha. Zifute zote tisa.

Juzi nilimwomba Bwana Breki anipakie mpaka lile daraja. Alisimamisha lori bila kuuliza, nami nikateremka kijitoni nikipapasa. Nikagusa majani, yamechanika kama unyoya. Nikagusa chini, mashina kadhaa yameota pamoja. Nikatulia, sikukurupuka. Nilipopeleka mkono kwenye shingo ya jani, mwiba mrefu ukanidunga kidole gumba hadi damu. Hapo ndipo nikataja jina, kwa sauti, peke yangu kwenye maji yale.

Basi namba ishirini na tisa andika mkindu, kijitoni chini ya daraja la mawe. Usiandike kwamba niliuona. Andika kwamba ulinichoma.

Nisalimie kuku na majirani, kwa mpangilio huo huo. Nakuja Ijumaa, nikiwa abiria, na sina safari nyingine baada ya hiyo. Usihangaike kutoka nje kunipokea na nyonga hiyo. Kaa mlangoni ugonge sufuria, nitafuata sauti.

Ni mimi mdogo wako,
mwenye kisogo kile kile.