Fowili Haikusaidii Kusimama

Gahanga, Kigali

Mdogo wangu Athumani,

Salamu nyingi. Hujambo wewe, na wifi yangu Zaina hajambo? Macho ya Mama yanaendeleaje? Mimi mzima, ila tangu Jumatano sina raha, na wewe ndiye unayeninyima raha hiyo.

Nilipokuonya kwenye simu ulinicheka ukakata, kwa hiyo naandika. Umesema mwezi ujao utamshusha Mama mwenyewe toka huko mlimani hadi hospitali, mvua inyeshe isinyeshe, kwa sababu gari ulilonunua kwa Baba Mdogo ni fowili. Nisikilize kwanza.

Jumatano nilipeleka vigae kwenye nyumba inayojengwa huku juu ya kilima. Mvua ilikuwa imenyesha tangu asubuhi. Niliingiza fowili, magurudumu yote manne yakavuta, gari likapanda bila kuteleza hata kidogo. Hapo ndipo nilipodanganyika. Nikaona barabara ni nzuri, kumbe gari tu ndilo lilikuwa na nguvu ya kupanda.

Kurudi nilimpakia Mama Aline, msimamizi wa ujenzi, Mnyarwanda aliyekulia Uganda. Nikaanza kushuka na gia ya tatu kama niko kwenye lami.

"Buhoro, dada," akaniambia. "Polepole. Hii udongo iko na maji mingi."

"Gari ni fowili, mama," nikamjibu, kwa maringo yale yale yako.

Kwenye kona nikakanyaga breki. Magurudumu yakasimama, gari halikusimama. Likateleza, pua ikielekea shamba la chini, ambako mwanamke alikuwa akipalilia maharage na mtoto mgongoni. Nikakata usukani, halikusikia. Nikapiga honi, yule mwanamke akageuka, akabaki anatutazama tu. Athumani, niliogopa mpaka nikasahau shahada. Ndipo nikaachia breki, matairi yakazunguka tena, usukani ukashika, nikaliegemeza gari kwenye ukingo wa juu. Kioo cha pembeni kimevunjika, basi.

Mama Aline akateremka, akavua viatu. "Mimi nashuka na miguu," akasema. "Wewe kuja na gia ya kwanza, breki wacha."

Sasa elewa. Fowili inakusaidia kwenda, kusimama haikusaidii. Kinachoshika tope ni matairi, na yale ya Baba Mdogo ni vipara, niliyaona siku ya Idi. Na hiyo tabia yako ya kushuka na fri, gia umeitoa, ili uokoe mafuta ndiyo inayonitia hofu zaidi. Ukiweka fri, injini haizuii chochote, na fowili yako haina kazi. Badili matairi. Shuka na ile fowili nzito, ya mwendo wa polepole, gia ya kwanza, injini ilizuie gari.

Zaina kaniambia safari iliyopita Mama aliomba kuushuka mteremko wa mwisho kwa miguu, nawe ukamwambia anakuaibisha. Nililia niliposikia.

Msalimie Zaina, ambaye peke yake anajua kukunyamazisha. Shangazi anayemkanda Mama miguu, mpe mkono. Baba Mdogo mwambie nikija tutazungumza juu ya matairi.

Barua hii msomee Mama yote, maana herufi hazioni tena, na usiruke kitu. Akisema atashuka kwa miguu, zima gari, umshike mkono.

Dada yako anayekupenda na kukuhofia,
Mwanaidi